Ukiambiwa "Access Denied", Usigeuke Bado



Ndugu yangu, dada yangu, hebu tuanze na jambo unalolijua. Umekaa saiba pale Ukunda, au umejikalia barazani kwenu hapa Galu, bando limebaki kidogo. Umejaza fomu kurasa tatu. Umebofya mahali pa kutuma. Ukurasa ukageuka mweupe, na juu yake maneno mawili tu: "Access Denied". Huna ruhusa.

Ukafanya nini?

Wengi wetu hufanya moja katika mawili. Wa kwanza anazima simu, anasema "si riziki", anaenda zake. Wa pili anapiga picha ile skrini na kuitupa kwenye statasi: "Mnaona mambo yao? Wakiona jina la Kiislamu tu wanafunga."

Wote wawili wamefanya haraka. Mimi nimewahi kuwa huyo wa pili, na nataka nikwambie ilitugharimu nini.

Binti mmoja wa huku kwetu alikuwa anaomba basari ya chuo. Zimebaki siku mbili maombi yafungwe. Kila akifungua tovuti ya afisi ile, sitaitaja, anaambiwa hana ruhusa. Akanipigia simu analia. Mimi na wenzangu hatukuuliza swali hata moja. Tukaandika ujumbe mkali, tukausambaza kwenye magrupu yote, watu wakapandwa na hasira. Jioni kijana mmoja anayefanya kazi saiba akasema, "Hebu niione hiyo simu." Hakuchukua hata dakika mbili. Simu ilikuwa imeletwa na shangazi yake kutoka Dubai, na kule kupiga simu kwa WhatsApp huzuiwa, kwa hiyo shangazi alikuwa ameweka VPN, ile programu inayoficha mahali ulipo. Ilikuwa bado imewashwa. Tovuti ilimuona binti yetu kama mtu aliye nchi nyingine, na ilikuwa imewekwa ipokee walio Kenya pekee. Akaizima, ukurasa ukafunguka, akatuma fomu yake.

Kwake yeye, alhamdulillahi. Kwetu sisi, fedheha. Tukafuta ule ujumbe kimyakimya tukidhani yameisha.

Hayakuisha. Miezi michache baadaye akaja kijana mwingine, naye mfumo unamkatalia. Safari hii tulichunguza vizuri, tukaona kosa liko upande wao: jina lake lilikuwa limeingizwa vibaya. Tukaenda naye afisini. Afisa akatutazama, akacheka: "Nyinyi si ndio wale wa VPN?" Yule kijana alikuwa na kesi ya kweli, lakini akazungushwa wiki kadhaa, njoo kesho njoo kesho, kwa sababu sisi tulipiga kelele mahali ambapo hapakuwa na moto.

Kwa hiyo leo nasema hivi: chunguza kwanza, ndipo udai. Na ukishachunguza ukaona kosa si lako, basi dai mpaka mwisho, usikubali kurudi nyumbani na maneno mawili ya skrini.

Lango na askari wake

Sisi wa Galu hatuhitaji kufundishwa maana ya kunyimwa njia. Bahari tunaisikia usiku tukiwa tumelala, lakini ukitaka kwenda kuiona mchana unakutana na ukuta, geti na askari. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufuo ni wetu sote. Lakini njia ya kuufikia ufuo ndiyo imekuwa ugomvi Diani nzima kwa miaka.

Sasa fikiria unakwenda baharini, unafika kwenye geti. Askari anaweza kukurudisha kwa sababu nyingi, na si zote ni dhulma. Pengine hilo ni geti la nyumba ya mtu, umekosea njia. Pengine ni hotelini, unafanya kazi hapo, lakini umesahau beji. Pengine geti limeharibika, hata mwenye nyumba hawezi kupita. Na pengine hiyo ni njia ya umma, na mtu ameiziba. Kama hujui uko mbele ya geti gani, hutajua kama uombe radhi, urudi kuchukua beji, usubiri fundi, au uende kwa chifu.

Tovuti nayo ina askari wake, na mara nyingi hukupa nambari. Zijue nambari hizi:

401: "Wewe nani?" Hujaingia kwenye akaunti yako, au muda wako umeisha ukatolewa. Ingia upya.

403: "Nimekusikia, lakini hupiti." Hapa ndipo "Access Denied" huishi. Seva imelielewa ombi lako na imelikataa. Kwa nini imelikataa, hiyo ndiyo kazi yetu ya leo.

404: Hapa hapana mlango. Ukurasa haupo, au anwani umeiandika vibaya. Hujakatazwa, umepotea njia.

429: Umegonga mara nyingi mno kwa muda mfupi. Tulia.

500, 502, 503, 504: Nyumba yenyewe ina tatizo, au imezidiwa na watu. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililofanya. Huduma zikakwama nchi nzima. Siku zile hata ungebadilisha simu kumi usingepita, na hata jina lako lingekuwa la nani.

451: Ukurasa umezuiwa kwa sababu ya kisheria. Nambari hii ilikubaliwa rasmi Desemba 2015, ili anayezuiwa aambiwe wazi kwamba kuna amri. Lakini usitarajie kuiona kila pahali. Novemba 2023 na tena Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE, watu wengi Kenya walishindwa kutumia Telegram. Hawakuonyeshwa nambari yoyote. Programu ilizunguka tu bila kufunguka. Mwenye kuziba njia mara nyingi habandiki kibao.

Mambo ya kufanya kabla hujamlaumu mtu

Fanya kwa mpangilio huu, usiruke.

1. Soma, kisha piga picha ya skrini. Ujumbe wote, anwani iliyo juu, saa na tarehe. Chini ya ujumbe huwa kuna mstari wa herufi na nambari zisizoeleweka. Usiudharau. Hiyo ni kumbukumbu ambayo fundi wao anaweza kuitumia kutafuta ni kitu gani kilikuzuia. Ukitaka kuituma picha hiyo kwa mtu, ficha nambari ya kitambulisho chako kwanza.

2. Angalia anwani. Tovuti nyingi za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. Herufi moja ikizidi, huenda uko kwa matapeli. Na kama linki umetumiwa na mwenzako kwenye WhatsApp, pengine ni ya ukurasa ulio ndani ya akaunti yake yeye. Kwako haitafunguka, na ni haki isifunguke. Anza kwenye ukurasa wa mwanzo, uingie mwenyewe.

3. Toka, kisha ingia upya. Hasa ukiwa saiba. Yawezekana aliyekaa hapo kabla yako hakutoka, na wewe unatuma maombi yako ndani ya akaunti ya mtu mwingine. Ukimaliza nawe utoke, usimwachie mwenzako mlango wako wazi.

4. Zima VPN. Wengi walizipakua Juni 2024, zile siku za maandamano intaneti iliposumbua, wakasahau kuzizima. Wengine simu zao zimetoka Ghuba kama ya yule binti. Zima pia programu za kuzuia matangazo, maana nazo huvuruga kurasa za malipo.

5. Jaribu dirisha la faragha. Kila brauza inalo. Likifunguka huko, basi shida ni kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye simu yako. Zikiwa za zamani au zimeharibika, askari anaona beji iliyopitwa na wakati. Futa kuki za tovuti hiyo, uanze upya.

6. Badilisha mtandao. Kama uko kwenye Wai-Fai ya saiba, jaribu bando lako, au kinyume chake. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti. Mmoja akifanya ujinga na tovuti ikaifungia anwani hiyo, nyote mnafungiwa. Unalipia kosa la mtu usiyemjua, labda yuko Likoni.

7. Angalia saa na tarehe ya simu. Usicheke. Simu iliyozima chaji kabisa ikawaka na tarehe ya miaka iliyopita haiwezi kuaminiana na tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

8. Tumia simu ya mwenzako. Hapa ndipo utajua ukweli. Kama kwenye simu yake, na mtandao wake, akaunti yako inafunguka, shida ilikuwa simu yako au mtandao wako. Kama akaunti yake inafunguka na yako haifunguki kwenye simu ileile, shida ni akaunti yako. Kama hakuna hata mmoja anayepita, shida ni tovuti. Dakika tano tu, na umeshajua uko geti gani.

9. Subiri kidogo. Kubofya mara hamsini kwa hasira hakusaidii, kunaweza kukufungia kabisa. Mpe saa moja, ujaribu tena.

Nitakwambia kweli: mara nyingi ninapoitwa kusaidia, jambo huisha kabla ya kufika nambari tisa. Lakini si kila mara. Na hao ambao haliishi, ndio ninaowaandikia hasa.

Shida inapokuwa kwenye jina

Fungua sanduku la nyumbani utoe makaratasi yako, uyapange mkekani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, kitambulisho kinasema Mwanasha. Cheti cha shule ni Mohamed, kitambulisho ni Muhammad. Mahali pamoja ni Omari, pengine ni Omar. Jina la babu liko kwenye karatasi moja, kwenye nyingine halipo. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mama yako anajua, imamu anajua, mtaa mzima wajua. Mashine haijui. Inalinganisha herufi kwa herufi, na herufi zisipofanana inasema hupiti.

Karani wa zamani aliandika alivyosikia, na wewe unakuja kulipa leo. Lakini kosa hili lina dawa. Katiba, Kifungu cha 35, inakupa haki ya kutaka habari isiyo ya kweli inayokuathiri irekebishwe au ifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kutaka data yako isiyo sahihi irekebishwe. Kwa hiyo usiende kuomba huruma. Nenda na nakala za karatasi zako zote, onyesha herufi iliyokosewa, omba irekebishwe, uondoke na ithibati kwamba umewasilisha ombi.

Na usingoje mpaka siku ya mwisho ya basari au siku wakala anapotaka cheti cha tabia njema kwa kazi ya Ghuba. Fanya wiki hii, ukiwa huna haraka.

Ukishajua kosa si lako

Hapa ndipo wengi tunalegea. Tunakuwa wakali kwenye statasi na wapole afisini. Geuza.

Andika. Barua ya karatasi au barua pepe, sentensi chache tu: "Mimi ni fulani. Tarehe fulani, saa fulani, nilijaribu kupata huduma fulani nikaonyeshwa ujumbe huu, picha nimeiambatisha. Nimejaribu mitandao miwili na simu mbili, VPN ikiwa imezimwa. Wenzangu wanapita, mimi sipiti. Naomba mnieleze kwa maandishi kwa nini nimezuiwa, na nifanye nini ili nihudumiwe."

Ukiandika hivyo, mtu wa ndani hawezi kukujibu "jaribu tena baadaye". Umeshajaribu, na umemuonyesha.

Neno "kwa maandishi" usiliache. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kitendo cha kiutawala kikiathiri haki yako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Askari wa geti anaweza kukwambia "nimeambiwa tu". Afisi ya umma haiwezi kuishia hapo.

Ukitaka kujua zaidi, kwa mfano ni masharti gani mfumo unatumia kukubali au kukataa watu, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi lako unaweza kuliandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo, kwa hiyo lugha isikutie hofu. Afisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Wakinyamaza au wakikataa bila msingi, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hulipishwi kitu.

Weka nakala ya kila kitu. Ninajua inachosha. Lakini kumbukumbu iliyoandikwa ndiyo inayotofautisha malalamiko na manung'uniko.

Wale ambao hawakufika hata kwenye ukurasa

Kuna geti moja ambalo hatua zangu tisa haziwezi kulifungua. Ili uwe na akaunti unahitaji nambari ya kitambulisho. Asiye na kitambulisho hata ule ukurasa mweupe hauoni. Hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa yake, hana pa kuanzia.

Na mfano hatuutafuti mbali. Wamakonde wa hapa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walizaa na kuzeeka huku bila karatasi ya Kenya. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Julai 2023 ikafika zamu ya Wapemba kutambuliwa. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, akatangaza kuondolewa kwa ule usaili wa ziada ambao watu wa kaunti za mpaka wa kaskazini walikuwa wakipitishwa kabla ya kupewa kitambulisho. Vijana wetu wa Pwani wanajua usaili wa namna hiyo unavyouma: unaulizwa karatasi za babu ambazo mwenzako wa kaunti nyingine haulizwi.

Angalia kitu kimoja kuhusu Wamakonde. Walijua kwa hakika mlango wao umefungwa wapi, na nani ana ufunguo. Hawakumlaumu kila mtu. Walitembea wakaelekea kwenye mlango huohuo. Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi. Tukichanganya VPN iliyosahauliwa na mtu aliyenyimwa uraia, tunamdhulumu huyu wa pili. Sauti yetu ni kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, haifai kumwagwa ovyo.

Njia mbili za kuepuka

Ya kwanza ni ya dalali. Ukikwama tu, hatakosa mtu wa kukwambia ana "mtu ndani", mpe elfu mbili na nenosiri lako akufungulie. Usimpe. Ukishatoa nenosiri, umempa mtu kitambulisho chako na sahihi yako kwa pamoja. Atakachokifanya kwa jina lako utakijibu wewe.

Ya pili ni ya ujanja. Kijana anayejua kompyuta kidogo anajaribiwa kubahatisha nenosiri la mwengine au kupenya mahali alipokatazwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Kama mlango ni haki yako, ufunguliwe ukiwa umesimama mbele yake mchana kweupe.

Sasa kazi yako. Usisome tu ukapita. Wiki hii mtafute mtu mmoja mtaani ambaye alijaribu huduma mtandaoni akakataliwa akanyamaza. Huenda ni dada yako, huenda ni mzee jirani anayeona haya kusema hajui. Kaa naye, pitia hatua tisa. Mlango ukifunguka, umepata dua. Usipofunguka, piga picha, andikeni ile barua pamoja, na mje nayo kwetu ikiwa na tarehe na nakala. Tutakwenda nanyi, na safari hii hakuna afisa atakayepata cha kutucheka.

Wabillahi tawfiq.